Maswali ya Wasomaji: Kila Kidonge cha Sukari Kina Jina Lake

Barua nne za mwezi huu zimetoka mkoa wa Tanga, na zote zinahusu ugonjwa wa kisukari cha aina ya pili, ambao wengi wetu huuita sukari tu. Tatu kati yake zina jambo moja linalofanana: mwandishi anaeleza vizuri rangi ya vidonge, ukubwa wake na saa ya kuvimeza, lakini hataji jina la dawa hata moja. Nimefanya kazi ya ufamasia kwa miaka mingi na jambo hilo bado linanitia hofu, kwa sababu hatari nyingi za dawa za sukari huanzia hapo. Kwa hiyo nitakapojibu nitataja majina bila kuchoka, na namwomba msomaji achukue paketi za mgonjwa wake aziweke mezani anaposoma.

*Ndugu Mhariri, mama yangu ana umri wa miaka 68 na huu ni mwaka wa tisa tangu apatikane na sukari. Anatumia vidonge vikubwa vyeupe asubuhi na jioni, na kimoja kidogo asubuhi kabla ya chai. Hivi karibuni alipata maumivu wakati wa kukojoa, tukamnunulia dawa kwenye duka la jirani, na kwa siku tatu hakuwa na hamu ya chakula. Siku ya nne alfajiri, tulipokwenda kumwamsha kwa ajili ya sala, tulimkuta amelowa jasho, maneno yake hayaeleweki na hatutambui. Kaka yangu alidhani ni kiharusi, shangazi akaanza kumsomea. Jirani yetu ambaye ni muuguzi alimpima, kipimo kikaonyesha 2.1, akamnywesha maji ya sukari, na baada ya robo saa mama akatuuliza kwa nini tumemzunguka. Tangu siku hiyo amekataa dawa zote, anasema zinataka kumuua. Je, tumlazimishe? — Msomaji, Makorora, Tanga*

Dada yangu, pole sana, na mfikishie mama shikamoo yangu. Mwambie kwamba hofu yake ina msingi, ila ameielekeza kwa dawa zote wakati yamkini yenye kosa ni moja.

Kilichompata kinaitwa kushuka kwa sukari. Mgonjwa anayetumia dawa huhesabiwa kuwa sukari yake imeshuka kipimo kinaposoma chini ya 3.9 (yaani milimoli kwa lita moja ya damu), na ikiwa chini ya 3.0 ubongo wenyewe huanza kukosa chakula chake, ndiyo maana mtu husema ovyo, hushindwa kuwatambua watoto wake, huweza kupatwa na degedege, na mwishowe hupoteza fahamu. Watu wa nyumbani hudhani ni kiharusi, au ulevi, au mashetani. Ndani ya ukoo wangu mwenyewe mzee mmoja alisomewa kwa zaidi ya saa mbili katika hali kama hiyo, na tulipomfikisha hospitali akili yake haikurudi tena kama ilivyokuwa. Sisemi dua iachwe. Nasema isomwe huku mwingine anakoroga sukari, maana jirani yenu yule kwa vijiko vichache tu alimwokoa mama.

Sasa tuje kwenye vidonge. Vile vikubwa vyeupe inaelekea ni metfomini, na metfomini ikitumika peke yake ni nadra sana kuishusha sukari kupita kiasi. Kile kidogo kinachotangulia chai ndicho ninachokitilia shaka. Mara nyingi kidonge cha namna hiyo huwa glibenklamaidi, au ndugu zake glimepiraidi na gliklazaidi, ambazo kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini. Dawa hizi hazijui kama mgonjwa amekula au hajala: zikishamezwa, kongosho litasukumwa tu, na insulini itakayotoka itaishusha sukari iliyopo hata kama ni kidogo. Glibenklamaidi ndiyo yenye hatari kubwa zaidi katika kundi hilo kwa watu wa umri wa mama, kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu na mabaki yake hutegemea figo kutolewa, na figo za mzee hazina kasi ya ujanani. Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeweka wazi kwamba glibenklamaidi haiwafai watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mama ana 68.

Kuna jambo la pili, ambalo umelitaja kwa maneno machache tu, nalo ni ile dawa ya mkojo mliyonunua bila kuandikiwa. Dawa zinazotolewa sana kwa maumivu ya namna hiyo ni kotrimoksazoli, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la Septrin, na siprofloksasini. Zote mbili zinaweza kuongeza nguvu ya glibenklamaidi na jamaa zake mpaka sukari ikaanguka. Flukonazoli, inayotumika kutibu fangasi, hufanya vivyo hivyo, na kwinini nayo huweza kuishusha sukari. Ukiweka pamoja umri, siku tatu za kutokula, kidonge kisichosubiri chakula na dawa ya mkojo iliyokiongezea nguvu, utaona kwamba alfajiri ile ilikuwa inaandaliwa tangu siku ile mliyokwenda dukani. Simlaumu muuzaji peke yake, kwani naye hakuambiwa mama anatumia nini, na ninyi msingeweza kumwambia kwa sababu hamkuyajua majina.

Basi msimlazimishe, na wala msikubali aache zote kimya kimya, kwa sababu sukari inayoachwa juu kwa miezi huharibu macho, figo na mishipa ya miguu bila kutoa sauti. Angekuwa mama yangu, kidonge kile kidogo nisingempa tena mpaka daktari akione, na ningempeleka kesho asubuhi bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Bebeni paketi zote, pamoja na ile ya dawa ya mkojo, na ombeni afanyiwe kipimo cha damu cha figo. Yako mabadiliko mengi ambayo daktari anaweza kuyafanya: kupunguza dozi, kumpa gliklazaidi badala ya glibenklamaidi, au kumwacha na metfomini peke yake ikiwa figo zinaruhusu. Ombeni pia daktari amwekee kiwango cha sukari kinacholingana na umri wake. Kile kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi mitatu (HbA1c), ambacho kwa mtu wa makamo hutakiwa kiwe chini ya asilimia 7, kwa mzee aliyewahi kuanguka namna hii kinaweza kuachwa kikaribie 8 bila ubaya.

Iwapo hali hiyo itarudi naye anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, au nusu glasi ya juisi halisi ya machungwa, ambayo kwa jirani wa Muheza haikosekani msimu wake ukifika. Pimeni tena baada ya dakika 15, na mkiona bado iko chini mrudie, kisha apate chakula chenyewe. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu chochote kinywani. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali. Hata anayezinduka nyumbani anapaswa kupelekwa, jambo ambalo kwenu nadhani halikufanyika, kwa sababu glibenklamaidi huendelea kufanya kazi hadi siku nzima na sukari huweza kushuka mara ya pili usiku, watu wakiwa wamelala wakidhani mambo yamekwisha. Na kama mama anatumia propranololi au atenololi kwa ajili ya presha, jueni kwamba dawa hizo huficha kutetemeka na mapigo ya moyo ya haraka. Jasho halifichiki, kwa hiyo litazameni hilo.

*Mimi ni mzee wa miaka 61. Kile kidonge kikubwa cheupe cha sukari kinaniharisha, na hapa mtaani wanasema kinamaliza figo. Rafiki yangu aliacha vyake, anakunywa unga wa mlonge na maji ya uwatu, naye yuko salama. Nifuate njia yake? — Msomaji, Pongwe*

Shikamoo mzee wangu. Kama maandishi ya paketi yako yanasema metfomini, habari ya kumaliza figo si ya kweli, ingawa naelewa ilikotoka. Kinachoharibu figo ni sukari yenyewe, hasa ikishirikiana na presha. Metfomini hutolewa na figo, kwa hiyo figo zikidhoofika dawa hujikusanya mwilini, na hapo ndipo daktari huipunguza au huisimamisha. Jamaa akimwona jirani ameachishwa dawa mwezi uleule alioambiwa figo zimechoka, huhitimisha kwamba dawa ndiyo iliyozichosha.

Hofu hiyo ina historia pia. Metfomini ilianza kutumika kwa wagonjwa nchini Ufaransa mwaka 1957, na wakati huo ilikuwa na ndugu yake aliyeitwa fenfomini, ambaye alisababisha tindikali kujaa katika damu ya baadhi ya watumiaji na kuwaua, hata Marekani ikamwondoa sokoni mwaka 1977. Metfomini ilishukiwa kwa miaka mingi kwa sababu ya undugu huo. Hatari hiyo kwake ipo, lakini ni nadra, na karibu kila mara humpata mtu ambaye figo zake zimeshuka sana, au ini lake ni bovu, au anakunywa pombe nyingi, au amepungukiwa maji mwilini. Ndiyo sababu mgonjwa hupaswa kupimwa figo angalau mara moja kwa mwaka, na kipimo cha uchujaji wa figo (eGFR) kikishuka chini ya 30 dawa husimamishwa. Ndiyo sababu vilevile, ukipatwa na homa kali, kutapika au kuhara kwa nguvu, unatakiwa kuisitisha kwa muda na kwenda kituo cha afya, na ukiandikiwa picha ya kipimo inayohitaji kuchomwa dawa ya rangi kwenye mshipa, umtajie mpigaji picha kwamba unatumia metfomini.

Kuharisha ni jambo jingine, nalo ni la kweli kabisa. Huwapata wengi walioanzishiwa dozi kubwa kwa haraka. Dawa imezwe pamoja na chakula, wala si kabla, na dozi ianze chini, kwa mfano miligramu 500 kwa siku, kisha ipandishwe polepole kwa majuma. Pia kuna aina inayoyeyuka taratibu, ambayo matumbo huivumilia zaidi. Mwulize daktari kama inapatikana. Ikiwa umeitumia kwa miaka mingi na sasa unahisi ganzi au kuwaka miguuni, usikubali iitwe sukari tu bila uchunguzi, kwa sababu metfomini huweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi, lakini wenyewe hutibika. Neno moja kwa wasomaji wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegraviri: dawa hiyo huongeza kiwango cha metfomini mwilini, kwa hiyo kliniki zote mbili lazima zijue unatumia nini.

Kuhusu mlonge na uwatu, sina ugomvi navyo vikiwa chakula. Majani ya mlonge ni mboga nzuri na uwatu umo katika mapishi yetu ya pwani tangu zamani. Ugomvi wangu ni pale vinapopewa kazi ya dawa iliyoachwa. Rafiki yako yuko salama kwa macho yako na kwa hisia zake mwenyewe, lakini sukari inaweza kubaki 13 au 14 kwa miaka mtu akijisikia mzima, mwombe apime. Zaidi ya hapo, nakuonya kwa nguvu juu ya unga usio na jina unaouzwa kwenye chupa kwa ahadi ya kuponya sukari kabisa. Katika nchi mbalimbali bidhaa zilizoitwa za mitishamba zimekutwa zimechanganywa kwa siri na glibenklamaidi, na wazee wamefikishwa hospitali wakiwa hawajitambui kwa dawa ileile waliyodhani wameikimbia.

*Mwanangu aliyeko Maskati alimletea baba yake dawa iitwayo pioglitazone, kwa kuwa daktari wa huko alimpa yeye na ikamfaa sana. Mume wangu ana miaka 66. Kwa wiki tano miguu yake imevimba, na usiku hawezi kulala bila mito mitatu kwa sababu ya pumzi. — Msomaji, Pangani*

Barua hii haikuweza kusubiri gazeti lichapwe. Nilimpigia mama huyu siku ileile ilipofika, nikamsihi mzee asimeze kidonge kingine na apelekwe hospitali mara moja, maana miguu kuvimba pamoja na kukosa pumzi mtu anapolala ni dalili za moyo kuelemewa. Naichapisha kwa ajili ya wengine, na namshukuru kwamba yeye alilinakili jina la dawa jinsi lilivyo. Bila jina hilo ningebahatisha.

Pioglitazoni huusaidia mwili kuitumia insulini yake, na kwa watu fulani hufanya kazi vizuri. Tabu yake ni kwamba huufanya mwili uzuie maji na chumvi, na moyo uliokuwa tayari dhaifu hushindwa kuyabeba. Marekani iliamuru mwaka 2007 kwamba onyo hilo liandikwe kwa herufi nzito mwanzoni kabisa mwa maelezo yake. Mwaka 2011 Ufaransa ilisimamisha matumizi yake kwa sababu ya uhusiano na saratani ya kibofu cha mkojo, na nchi nyingine ziliiacha sokoni kwa masharti, ikiwemo kutompa mtu aliyewahi kuugua saratani hiyo au anayekojoa damu bila sababu kujulikana. Kwa wanawake imeonekana pia kuongeza mivunjiko ya mifupa. Ndugu zake wawili wana historia nzito zaidi: troglitazoni iliondolewa Marekani mwaka 2000 kwa kuharibu maini, na rosiglitazoni, baada ya uchambuzi wa mwaka 2007 kuihusisha na mshtuko wa moyo, iliondolewa Ulaya mwaka 2010. Marekani nayo iliiwekea mipaka mikali mwaka huohuo, kisha ikailegeza mwaka 2013 data zilipopitiwa upya.

Sitaji hayo ili mtu aliyeandikiwa pioglitazoni na daktari wake aitupe leo. Nayataja kwa sababu daktari wa Maskati alimchunguza kijana, moyo wake na mkojo wake, na hakumwona baba yake hata mara moja. Kwa mwanao neno langu ni jepesi, kwani alichofanya ni upendo wa mtoto kwa mzazi: akitaka kumsaidia baba, atume fedha ya vipimo vya moyo na figo. Na mzee akipata nafuu, tukio lake liripotiwe kupitia hospitali kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ile iliyoitwa TFDA hadi mwaka 2019, ambayo hupokea taarifa za madhara ya dawa hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe.

*Ni mwalimu, nina miaka 44. Mwezi uliopita niliambiwa nina sukari, nikapewa vidonge na karatasi ya vyakula. Sijamwambia mtu, hata mke wangu. Nianzie wapi kupata wa kunishika mkono? Na Ramadhani itakuwaje? — Msomaji, Muheza*

Anzia kwa mke wako, mwalimu, leo kabla ya kulala. Naliweka hilo mbele ya taasisi zote kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa karibu sukari ikishuka usiku, na kama hajui unaumwa nini atafanya yale yaliyofanywa na familia ya Makorora kabla muuguzi hajaingia. Huu ni ugonjwa unaohusiana na urithi, unene, umri na namna ya kuishi. Haumo katika mambo ya kuonewa haya.

Baada yake, ifanye kliniki ya sukari ya hospitali ya wilaya kuwa kwako. Ikitokea tatizo la macho, figo au kidonda cha mguu, watakupeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bombo, na ni vyema kumbukumbu zako ziwe zimeanza mapema. Kliniki ina faida moja ambayo karatasi ya vyakula haina: watu unaokaa nao benchi. Waulize walioizoea ni nani ana kipima sukari mtaani kwenu, vijiti vya kupimia vinapatikana wapi kwa bei nafuu, na kama wagonjwa wana kikundi chao. Kama hakipo, watu watano wanaochangia kipimo kimoja, kila mtu na sindano yake ya kuchoma, tayari ni kikundi. Chama cha Kisukari Tanzania kimekuwa kikitoa elimu kwa wagonjwa kwa miaka mingi, na kila ifikapo tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, upimaji wa bure hufanyika sehemu mbalimbali. Unaweza kuwapeleka ndugu zako wa damu siku hiyo. Ukiwa mtumishi wa umma una kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa hiyo uliza mapema dawa zako zipi zimo. Kwa wasomaji wengine wenye wazazi wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, sera ya nchi inawapa matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Fuatilieni kitambulisho cha mzee katika serikali ya mtaa au kijiji.

Ramadhani inategemea majina ya vidonge ulivyopewa, ambayo hukuniandikia. Kama ni metfomini peke yake, wengi hufunga salama kwa dozi kugawanywa kati ya futari na daku. Kama kuna glibenklamaidi au jamaa zake, au insulini, dozi lazima ipangwe upya na daktari, kwa sababu kidonge cha asubuhi kikimezwa daku kitafanya kazi mchana kutwa juu ya tumbo tupu. Kuchoma kidole kupima hakufunguzi saumu, na wanazuoni wengi wamelieleza hilo waziwazi. Kipimo kikisoma chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, fungua papo hapo hata kama adhana ya magharibi imebaki nusu saa. Wakati wa futari, tende moja au mbili zinatosha kuanzia, na muhogo wa nazi, magimbi na kaimati visikutane vyote katika sahani moja. Yote haya yanahitaji dozi ijaribiwe kabla, kwa hiyo nenda kliniki mwezi wa Shaabani ungali mchanga, ukiwa na paketi zako mkononi na mke wako pembeni.